Nguo nyeupe juu ya mawe meusi: nifanye nini ili uso wa mtoto uonekane vizuri kwenye picha?

Mpenda Picha wa Himbi, Goma

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba msaada katika jambo ambalo naamini wengi wanaopiga picha hapa mjini kwetu wanakutana nalo. Mwisho wa mwezi huu mtoto wa dada yangu atapokea komunyo ya kwanza, na familia imenikabidhi kazi ya kupiga picha. Ninatumia simu ya kawaida, na picha nazihariri kwa programu ya Snapseed.

Uwanja wa kanisa letu, kama ilivyo pia ua wa nyumbani, ni mawe ya volkano matupu: ukuta ni mawe meusi na chini pamemwagwa kokoto nyeusi. Watoto watavaa nyeupe tangu kichwani hadi miguuni, na akina mama watavaa vitenge vya rangi kali. Katika picha za majaribio nilizopiga uani, gauni jeupe linaungua kwa mwanga, yaani maua yaliyotariziwa kifuani yanapotea na kubaki weupe mtupu, huku mawe ambayo kwa macho ni meusi yakitokea kijivu. Nikimsimamisha mtoto huku ziwa likiwa nyuma yake, mambo yanageuka: maji na mawingu yanatoka vizuri, lakini uso unaingia giza. Nikijaribu kuusaidia uso huo kwenye Snapseed kwa kuuongezea mwanga, ngozi inakuwa kama iliyopakwa majivu, na mtoto hafanani tena na yeye mwenyewe.

Sitaki kumpa dada yangu picha ambayo mwanawe amebadilishwa rangi. Je, shida iko kwenye simu, kwenye saa ninazopiga, au kwenye uhariri wangu? Na je, nitalazimika kutafuta kamera?

Fundi wa Katindo, Goma

Dada, hongereni kwa sherehe inayokuja. Usinunue kamera kwa ajili ya tatizo hili, kwa sababu hata kamera ya bei kubwa ingekutendea hivyo hivyo kama haikuongozwa. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya simu hakijui kinatazama kitu gani. Kinapokea mwanga wote unaoingia, kinatafuta wastani wake, kisha kinajitahidi wastani huo ulingane na kijivu cha katikati, ambacho si cheusi wala cheupe. Sasa fikiria picha ambayo sehemu yake kubwa ni mawe meusi: simu inadhani mahali pana giza, inaongeza mwanga hadi mawe yawe ya kijivu, na gauni ambalo tayari lilikuwa jeupe linapita kikomo. Ukielekea ziwani, simu inaona mwangaza mwingi wa mbingu na maji, inapunguza, na anayeumia ni mtoto aliyesimama mbele. Simu za siku hizi hutambua uso wa mtu na huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa mfululizo, na hilo husaidia, lakini mahali penye weusi na weupe uliokithiri namna hii bado hukosea.

Kwa hiyo usiiachie simu iamue. Weka kidole juu ya gauni, ukishikilie hapo mpaka simu ioneshe kwamba imefunga fokasi na mwanga, kisha uivute chini taratibu ile alama ya jua inayotokea kando ya kiduara. Tazama kifuani, usitazame picha nzima. Mara tu unapoanza kuziona nyuzi za tarizi, kila petali ikiwa na kivuli chake chembamba, simama hapo hapo na upige. Uso utaonekana una giza kidogo kuliko unavyopenda. Uuache hivyo kwanza. Giza la wastani linaweza kuinuliwa baadaye, lakini weupe uliokwisha kuungua haurudi. Katika picha ya JPEG, yaani mfumo wa kawaida ambao simu hutumia kuhifadhi picha, kila moja ya rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, ina ngazi kuanzia 0 hadi 255. Pale ambapo zote tatu zimefika 255, hakuna habari yoyote iliyobaki ya kuokolewa, hata ungekuwa na programu ya namna gani.

Kuna jambo jingine ambalo wanaojifunza kwa video za watu wa mbali hawaambiwi, kwa sababu ardhi yao si kama ya kwetu. Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na mengine tuliyaona yakishuka mwaka 2002 hadi katikati ya mji. Mawe hayo yanameza mwanga. Mtu akisimama juu ya saruji iliyofifia au mchanga mweupe, ardhi inamrudishia mwanga kutoka chini na kujaza vivuli vya chini ya nyusi, pua na kidevu. Juu ya kokoto zetu mwanga haurudi, na ndiyo maana macho yanakuwa kama mashimo hata kama jua linawaka. Dawa yake ni rahisi: tandika shuka jeupe chini, mbele ya miguu ya mtoto, nje kidogo ya eneo linaloonekana kwenye picha, kisha uyatazame macho yake. Utaona kidoa cha mwanga kinaingia sehemu ya chini ya mboni na kivuli cha kidevu kinapungua. Shuka liwe jeupe kweli. La bluu au la waridi litampaka mtoto rangi yake.

Kuhusu saa, tukumbuke kwamba tuko karibu sana na ikweta. Jua letu halipandi kwa kuzunguka polepole kama katika nchi za kaskazini, bali linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa moja, hivi kwamba saa tatu tu baada ya kuchomoza limekwisha kufika karibu nusu ya njia ya kwenda utosini. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita adhuhuri karibu moja kwa moja juu ya vichwa vyetu. Muda wa mwanga wa dhahabu, yaani ule mwanga laini wa manjano wa jua likiwa chini, ni mfupi, na misa ya komunyo kwa kawaida inakwisha jua likiwa kali. Usipambane nalo. Waingize watoto kwenye kivuli cha baraza au mlango wa kanisa, wasimame ndani kidogo ya ukingo wa kivuli huku nyuso zikitazama nje kwenye uwazi. Tena, uyasahau mandhari ya ziwa kwa picha za uso. Ziwa litakungoja jioni.

Studio ya Zamani, Kadutu, Bukavu

Nakubaliana na ndugu wa Katindo katika yote, ila kuhusu kivuli kuna la kuongeza, na ndilo linalohusu majivu uliyoyalalamikia, mwanangu.

Mtu aliyekaa kivulini siku ya jua hamulikwi na jua. Anamulikwa na mbingu, na mbingu ni ya bluu. Bluu hiyo ikiangukia ngozi ya kahawia, ule wekundu na umanjano unaoifanya ngozi iwe hai unafifia. Kisha mhariri anaongeza mwanga kwenye vivuli, tofauti kati ya sehemu zenye mng'ao na zenye giza inapungua, na hapo ndipo ngozi inapokuwa kama majivu. Kwa hiyo, kabla hujagusa mwanga, rekebisha joto la rangi: lisogeze upande wa umanjano kidogo kidogo mpaka gauni liache kuwa na ubluu, bila kuanza kuwa la rangi ya maziwa ya krimu. Gauni jeupe ndilo kipimo chako. Ukilifanya likae sawa, ngozi itakuwa imekaribia mahali pake. Mara nyingi baada ya hatua hiyo moja nimeona uso ambao mtu alidhani umeharibika ukirudi wenyewe.

Hapo sasa ndipo uongeze mwanga wa uso, tena wa uso peke yake. Usivute vivuli vya picha nzima, maana mawe yatageuka kijivu tena na utakuwa umeurudisha ugonjwa ule ule. Snapseed ina zana ya kuhariri sehemu moja: unagusa shavu, unapanua au kupunguza duara kwa vidole viwili mpaka likumbatie uso, kisha unatelezesha kidole kuongeza mwanga. Ongeza hadi macho yaonekane wazi, usiende mbali zaidi. Kama unaziona chembechembe kwenye mashavu, umevuta kupita kiasi na picha haina tena cha kukupa. Kunoa kingo kuwe hatua ya mwisho kabisa, na kwa kiasi kidogo.

Jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote ni mng'ao. Ngozi yetu huonesha umbo la uso kwa mng'ao ulio kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu na kwenye mstari wa pua. Mwanga mpana unaotoka upande mmoja, kama wa mlango uliofunguliwa au dirisha kubwa, huuchora uso mweusi kwa uzuri ambao hakuna uhariri unaoweza kuutengeneza. Kwa sababu hiyo waombe akina mama wasimjaze mtoto poda. Mafuta yake ya kila siku yanatosha, na jasho lifutwe kwa kitambaa laini. Kwa sababu hiyo hiyo zima ile kazi ya simu ya kulainisha na kung'arisha nyuso. Inafuta mng'ao, inapaka mashavu rangi moja, na katika simu nyingi inamfanya mtu awe mweupe kuliko alivyo. Zamani za filamu maabara nyingi zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi ambazo mafundi walizoea kuziita Shirley, na nyuso zetu zikalipa gharama ya kipimo hicho. Leo kipimo kiko mikononi mwako, basi kitumie kwa ajili ya mtoto huyu.

Mawingu yakitanda siku hiyo, furahi. Sisi wa Bukavu tunayajua: mbingu nzima inakuwa taa moja laini. Uepuke tu kuiingiza mbingu yenyewe kwenye picha, kwani itatoka kama karatasi tupu.

Mwalimu wa Kamalondo, Lubumbashi

Nimesoma habari ya mawe meusi kwa hamu kubwa, kwa sababu huku kwetu shida ni kinyume chake. Udongo wetu ni mwekundu, na unaurudisha mwanga, ila unaurudisha ukiwa na rangi yake: gauni jeupe linapata uwaridi kwenye pindo, na chini ya kidevu panakuwa na rangi ya machungwa. Shuka jeupe linatibu hali zote mbili, kwani huku linafunika udongo na kwenu linaleta mwanga uliokosekana. Kwa hiyo ushauri huo ni wa kushika popote mtu alipo.

Naongeza neno moja kuhusu picha ya familia nzima. Lenzi kuu ya simu ni pana, na ukisogea karibu ili watu wote waingie, walio pembeni wanavutwa na kunenepeshwa, na wa katikati pua zao zinakua. Rudi nyuma hatua kadhaa, waache nafasi pande zote mbili, halafu ukate pembeni wakati wa kuhariri. Wenye shughuli nyingi za rangi, yaani wanaovaa vitenge, wapange pembeni na nyuma, na mtoto mwenye gauni jeupe abaki katikati. Jicho litamwendea yeye bila kuelekezwa.

Mpenda Picha wa Himbi, Goma

Asanteni sana, hasa Mzee wa Kadutu na kaka wa Katindo. Leo asubuhi nimetandika shuka uani na kumsimamisha mtoto wa jirani mlangoni, na nimeyaona macho yake yakifunguka kama mlivyosema. Tarizi imebaki, na mawe yamebaki meusi.

Nina maswali mawili ya mwisho. Dada yangu anataka picha zichapishwe kwa ajili ya albamu, lakini picha nilizotumia watu kwa WhatsApp zilitoka na ukungu zilipochapwa, na nyingine zilitoka nyeusi kuliko kwenye simu. Tena, je, inafaa nipige kwa mfumo wa RAW, ambao simu yangu inauruhusu?

Studio ya Zamani, Kadutu, Bukavu

Mwanangu, WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha na kuibana ili isafiri haraka. Ukiituma kama hati, si kama picha, inafika nzima. La bora zaidi ni kuipeleka studio kwenye kadi ya kumbukumbu. Kwa karatasi ya sentimita 10 kwa 15, kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli zipatazo 1,200 kwa 1,800. Simu yako inazo nyingi zaidi ya hizo, ilimradi usiikate picha hadi ikabaki kipande.

Kuhusu weusi, skrini ya simu inatoa mwanga wake yenyewe na karatasi haitoi. Punguza mwangaza wa skrini hadi nusu unapohariri, ukae ndani ya nyumba na si juani, halafu chapisha picha moja kwanza kabla ya kuagiza albamu nzima. Kama ile ya majaribio imetoka na giza, ongeza mwanga kidogo kwenye zote kwa kiasi kile kile.

Fundi wa Katindo, Goma

Nijibu la RAW, yaani picha ghafi ambayo simu haijaibana kuwa JPEG. Faili hiyo huhifadhi ngazi nyingi zaidi za mwanga: yenye biti 12 ina ngazi 4,096 kwa kila rangi badala ya 256, kwa hiyo vivuli vya uso vinainuka bila kuvunjika, na joto la rangi linabadilishwa bila hasara. Snapseed inaifungua. Lakini ni faili kubwa, simu nyingi huchelewa kuihifadhi, na watoto wakiwa wanatoka kanisani kwa msururu hutapata muda wa kusubiri. Kwa picha zile chache utakazopanga mlangoni, mtoto akiwa ametulia, tumia RAW pamoja na JPEG. Kwa msururu na kwa meza ya chakula, JPEG inatosha. Na kabla ya yote, pulizia lenzi ili vumbi la mawe litoke, kisha uifute kwa pamba safi. Usianze kwa kufuta, kwa maana vumbi letu ni kali na linakwaruza kioo.