Sabuni ya kupika inamong'onyoka, nifanyeje?

Kikundi: Familia – Wete, Jang'ombe, Paje

Salma (Paje): Asalaam alaykum nyote. Shikamoo shangazi, shikamoo mama mdogo

Salma: Tazameni picha hizo. Sabuni ya kupika, ile ya kuivishwa kwenye moto, nimeitoa kwenye kalibu leo asubuhi. Juu mabonge, ndani matundu, kisu kikipita inamong'onyoka. Na ina vidoti vyeupe. Watu wa harusi wanaitaka wiki ijayo, naombeni msaada

Wifi Time: Waalaykum salaam. Rangi yake mbona nzuri, mashaallah

Shangazi (Wete): Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Kwanza kabisa hivyo vidoti. Usimpe mtu hata kipande mpaka tujue ni nini

Shangazi: Lowesha kidole, sugua penye kidoti, gusa kidogo kwa ncha ya ulimi. Kikikuchoma ghafla, hiyo ni kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ambayo haijaliwa na mafuta. Ukipata ladha ya sabuni tu, ni makoko yaliyokauka ukingoni mwa sufuria yakaingia ndani

Salma: Nimejaribu kila upande. Haichomi, sabuni tu

Shangazi: Alhamdulillah. Basi hiyo ni shida ya sura, haitamdhuru mtu. Ingechoma, ungeirudisha jikoni na maji kidogo uipike tena mpaka iache

Kaka Hamad: Salma, maji ya wapi?

Salma: Ya kisima hapa nyumbani

Kaka Hamad: Pwani yote hiyo ya mashariki chini ni mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa. Chokaa ikikutana na sabuni inafanya uchafu mweupe usioyeyuka, ule unaobaki kwenye beseni ukishafua. Vidoti vingine vinaweza kuwa hivyo. Kinga maji ya mvua, yachuje, hayo ndiyo ya sabuni

Mama Mdogo: Tupe vipimo. Bila vipimo tunapiga ramli

Salma: Mafuta ya nazi gramu 700, mawese 200, mbarika 100. Kostiki 161. Maji 322. Sufuria juu ya sufuria la maji, moto mdogo, nikakoroga mpaka ikang'aa kama mafuta ya mgando

Shangazi: Ulifunika?

Salma: Hapana shangazi, nilikuwa nakoroga muda wote

Shangazi: Hapo ndipo penyewe. Kostiki yako iko sawa, nimeipiga hesabu: mafuta hayo yote yangekula kama 169, wewe umetia 161, yaani asilimia 5 ya mafuta inabaki kulainisha ngozi. Kilichokosekana ni maji. Mara mbili ya kostiki yanamtosha mwenye kutengeneza sabuni bila moto. Sisi wa kupika tunapoteza mvuke njia nzima. Tia mara mbili na nusu mpaka mara tatu, yaani gramu 400 hadi 480 kwa kipimo chako hicho

Shangazi: Na mfuniko usiondoke. Fungua, koroga, kwangua ukingo, funika. Ukiacha wazi inakauka ingali jikoni, na sabuni iliyokauka huwezi kuilaza vizuri kwenye kalibu. Inaingia kwa mabonge, hewa inanasa katikati ya bonge na bonge, ndiyo hayo matundu

Mama Mdogo: Na nazi nayo. Sabuni yenye nazi nyingi inaganda upesi mno. Ukisimama kutafuta mwiko, imeshashika

Shangazi: Kweli kabisa. Kwa hiyo kalibu iwe tayari, ndani umeshaweka karatasi, mahali pasipo upepo. Teka kwa upawa mkubwa, si kijiko, kandamiza, kisha inua kalibu uigongegonge chini kwa nguvu hewa itoke. Juu lainisha kwa mkono wenye glavu uliolowa maji ya moto

Salma: Na kukata? Nimeiacha usiku kucha

Shangazi: Sabuni yenye nazi nyingi usiiache ilale mpaka kesho. Ikishashika ila ingali na joto, kata. Ukingoja kesho yake inapasuka chini ya kisu, hata ungekuwa umepika vizuri

Wifi Time: Mie natia mtindi

Salma: Mtindi, wifi?

Wifi Time: Eee. Kijiko kimoja cha kulia kwa kila nusu kilo ya mafuta. Usiwe wa baridi, na utie ikishaiva, si mwanzo. Inalegea, inamiminika. Tena yayusha kijiko cha chai cha sukari kwenye maji kabla hujatia kostiki, nayo inasaidia

Kaka Hamad: Kostiki ndani ya maji, jamani, maji yasije juu ya kostiki hata siku moja. Yanachemka na kuruka usoni. Na ikikumwagikia ngozi ni maji mengi ya bomba kwa muda mrefu, msikimbilie siki

Mama Mdogo: Na watoto wasikaribie

Mama Mdogo: Salma, sufuria yako ya nini?

Salma: Ya stili

Mama Mdogo: Vizuri. Kuna jirani yangu alitaka kupikia kwenye hizi za alumini, nikamzuia mlangoni. Kostiki inaila alumini na kutoa gesi inayoshika moto

Salma: Wenye harusi wanataka ya mwani na karafuu. Unga wa mwani mara ya mwisho ulifanya vibonge

Wifi Time: Usage sana, uchekeche kwa kitambaa, kisha uukoroge kwenye mafuta ya vuguvugu kidogo. Ukiumwaga mkavu kwenye sabuni ya moto unafanya vibonge

Shangazi: Mafuta ya karafuu mwisho kabisa, sabuni ikipoa kidogo. Gramu 5 kwa kilo ya mafuta, usizidishe. Watu wanadhani harufu ikizidi ndiyo Pemba yenyewe, lakini karafuu inawasha ngozi, na bibi harusi ataogea hiyo

Salma: Nimeelewa shangazi. Na hii iliyomong'onyoka niitupe?

Shangazi: Utupe mafuta yote hayo? Ikune kwa kikunio cha karoti, tia tui jepesi au maji, kidogo kidogo mpaka ilowane tu. Funika, moto mdogo, usiikoroge sana isije ikajaa povu. Ikilainika ikandamize kwenye kalibu. Haitang'aa kama mpya, ila ni sabuni safi ya nyumbani. Ya harusi pika upya

Salma: Naikuna leo baada ya isha. Ila sufuria yangu ndogo, kipimo cha harusi hakitaenea

Mama Mdogo: Langu la stili lipo, la lita 10. Hamad anakuja Paje Ijumaa, atakuletea

Kaka Hamad: Nitapita kulichukua Alhamisi jioni, inshaallah