Waliofika Alexandria, Misri: safari mliipangaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, salaam. Mwezi wa kumi, Mungu akipenda, nampeleka mama mzazi Misri. Habari za Cairo na piramidi zimejaa kila mahali. Ninachotafuta hapa ni Alexandria, mji alioanzisha Aleksanda Mkuu mwaka 331 kabla ya Kristo. Mawakala wa hapa Dar wote wananipa ratiba ile ile: mnatoka Cairo alfajiri, mnazungushwa, usiku mmerudi. Mama ana miaka sabini na ushee, magoti yanamsumbua, na ni mtu wa kupenda kutazama kitu mpaka aridhike. Mliofika, mlilala huko au mlienda na kurudi? Mlianzia wapi?

Mwanafunzi wa Cairo
Mkuu, laleni huko, angalau usiku mbili. Treni ya kutoka stesheni ya Ramses hutumia kama saa mbili na nusu hadi tatu. Ukipiga hesabu ya kwenda na kurudi, mchana wenyewe umeshakatika, na mama atakuwa amechoka kabla hajaona kitu. Utakapokaribia, abiria wengi watashuka Sidi Gaber. Kama hoteli yenu iko katikati ya mji, tulieni kwenye viti hadi Mahattat Misr, mwisho wa reli.

Ndugu zangu wakija, huwa naugawa mji kwa pande. Kusini-magharibi kuna makaburi ya Kom el-Shoqafa na Nguzo ya Pompey, ni jirani kabisa. Nguzo hiyo ni jiwe la matale mekundu kutoka Aswan, ukichanganya na kitako chake ni karibu mita 27, na ilisimamishwa kwa heshima ya Kaisari Diocletian. Mkitoka hapo mnamalizia ukumbi wa Kirumi wa Kom el-Dikka, karibu na stesheni. Siku nyingine ni ya baharini: maktaba, matembezi ya Corniche (barabara ya ufukweni), ngome ya Qaitbay. Bustani za Montaza ziko mbali, mashariki kabisa, na Qaitbay iko magharibi. Mtu akikupangia zote mbili asubuhi moja, jua mtashinda ndani ya gari.

Mwenye kitambulisho cha mwanafunzi analipa nusu kwenye maeneo ya mambo ya kale. Na wekeni pesa kwenye kadi, maana madirisha mengi ya tiketi ya serikali siku hizi hayapokei noti.

Bint Tanga
Kaka, mpe mama shikamoo yangu. Kuhusu magoti, sikiliza vizuri. Kom el-Shoqafa unashuka kwa ngazi za mzunguko, vidato 99, na hivyo hivyo ndivyo utakavyopanda. Katikati ya mzunguko kuna kisima kikavu walimopitishia maiti kwa kamba, kuta zake zina madirisha ya kuleta mwanga. Chini kabisa, pembeni mwa mlango wa chumba cha kaburi, kamchungulie Anubis, yule mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha mbweha: wamemvisha mavazi ya askari wa Kirumi! Nilisimama pale hadi mlinzi akaja kuuliza kama nimepotelewa na kitu. Wewe shuka, mama abaki juu kivulini, au mpeleke Kom el-Dikka, ambako anaweza kukaa na kuyaona yote bila kuhangaika.

Kama ni watu wa dini, msiondoke bila kufika kwenye msikiti wa walii Abul Abbas al-Mursi. Alizaliwa Murcia, Andalusia, akawa mwanafunzi wa Imamu Shadhili, ambaye tarika yake (njia ya kisufi) tunayo pwani yetu na Komoro. Ng'ambo ya uwanja ni msikiti wa Imamu Busiri, yule aliyetunga Burda, kasida ya kumsifu Mtume. Mimi nimelelewa kwenye Burda, kwetu inasomwa kwenye harusi, kwenye hitima, akiugua mtu. Nilipoketi pale machozi yalinitoka. Nikampigia bibi simu, naye akaanza kuisoma huko huko aliko.

Wa Riruta
Nami niongeze upande wa Wakristo. Sisi Waorthodoksi wa Kenya tuko chini ya Patriarki wa Alexandria na Afrika Yote, kwa hiyo nilikwenda kama mtu anayezuru nyumbani kwa wazee. Kanisa kuu la Kupashwa Habari liko katikati ya mji. Wakopti, Wakristo wa asili wa Misri, nao wana kanisa kuu lao la Mtakatifu Marko, si mbali sana. Valia nguo za heshima, beba pasipoti, ulinzi wao ni mkali.

Mimi nilienda Januari na sikushauri. Wenyeji wanazijua dhoruba zao kwa majina: Maknasa huja Novemba, Qasim mwanzoni mwa Desemba, na nyinginezo hadi baridi iishe. Mawimbi yalikuwa yanaruka ukuta wa Corniche na kumwagika barabarani, magari yakapita kwenye maji ya chumvi. Julai na Agosti nazo Cairo nzima imehamia huko. Oktoba umechagua vema.

Muscat
Msiache Makumbusho ya Wagiriki na Warumi. Yalifungwa mwaka 2005, yakafunguliwa tena Oktoba 2023, ndiyo maana ratiba nyingi za zamani hazina habari nayo. Kwa mtu wa magoti ni bora kuliko ngome. Qaitbay ilijengwa mwaka 1477 pale pale uliposimama mnara wa taa wa kale wa Pharos, baada ya matetemeko kuuangusha, na mawe ya mnara yakatumika tena kwenye ujenzi. Akichoka, mama akae ukutani nje atazame boti.

Samaki kuleni mtaa wa Bahary. Unamchagua kwenye barafu, anapimwa kwa kilo, unasema wakuchomee au wakukaangie, na wali wa sayadiya unakuja pembeni. Bei uliza kabla hajapanda kwenye mzani! Tulipuuza hilo, tukaletewa bili ya kutisha.

Mleta mada
Nashukuru sana, wakuu. Basi ni usiku tatu: siku ya makumbusho na Kom el-Dikka, siku ya misikiti na bahari, na makaburi nitashuka peke yangu. Maktaba je, inafaa kwa mzee?

Mwanafunzi wa Cairo
Inafaa sana. Ilifunguliwa mwaka 2002, ukuta wake wa nje umechongwa herufi za maandishi ya kila pembe ya dunia, mama atapenda kuuzunguka. Mikoba mikubwa mnaacha mlangoni. Saa za Ijumaa na Jumamosi si za kawaida, angalia tovuti yao kwanza. Na visa mkaombe ubalozini mapema, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uwanja wa ndege wa Cairo wanaiulizia kwa sisi tunaotoka Afrika Mashariki.