Mrejesho: ile treni ya moshi nimeipanda
Wadau, nilikuja kuulizia treni gani ya moshi ya zamani nipande nikiwa Uingereza, maana nimekulia Voi miaka ya 70 na ugonjwa wa reli haujawahi kunitoka, mkanielekeza reli ya North Yorkshire Moors, stesheni ya Pickering mpaka Grosmont. Nimeenda bana, na mke wangu ambaye alinuna njia nzima mpaka stesheni ya Goathland (baadaye ndo alitoa kichwa dirishani kunishinda).

Ni maili 18 tu, reli ya tangu 1836 enzi mabehewa yanavutwa na farasi. Sasa sikieni, wakati wa kurudi kaeni behewa la kwanza nyuma ya injini, pale kutoka Grosmont kuna mlima unaopanda futi 1 kwa kila futi 49, injini inahema kwelikweli, masizi yanakuangukia kwenye kola na jamaa wa moto anapiga beleshi bila kupumzika. Zile Garratt 59 zetu, injini za stimu za reli ya Afrika Mashariki, zilichoma mafuta, harufu hii ya makaa hatukuwa nayo, ila mlio wa stimu ni uleule!! Nikaanza kumhadithia mzee mmoja wa kizungu vile tulikimbilia fensi ya stesheni kusoma majina ya milima ubavuni mwa injini, nani kaona Mount Gelai leo, akashtuka kusikia zilitengenezwa hukohuko kwao Manchester, kwa Beyer Peacock.

Mlioulizia tiketi, kateni mapema na muangalie ratiba vizuri, safari zingine wanafunga injini ya dizeli.