Draiva ikikuta kadi mbovu: ivumilie au igome?

FundiLuthuli: Wakuu, hizi laptopu za ex-UK zinazouzwa hapa tauni, ukiweka Linux unakuta nyingine kadi ya mtandao wa waya haipo kabisa. dmesg (orodha ya ujumbe wa kerneli, kiini cha Linux) yasema "The NVM Checksum Is Not Valid", kisha e1000e, draiva ya kadi za Intel, inagoma. Ukirudi Windows, kadi ile ile inashika mtandao. Si draiva ingeonya tu iendelee? Mwenye saiba anataka intaneti, cheksamu (jumla ya kuhakiki data) haimhusu.

kerneli_254: Inamhusu, mkuu. Maneno 64 ya kwanza (kila neno baiti 2) ya NVM, yaani kumbukumbu ya kudumu ya kadi, yakijumlishwa lazima yatoe 0xBABA. Anwani ya MAC (namba ya kuitambulisha kadi mtandaoni) imo humo, pamoja na mipangilio ya kuiwasha chipu. Jumla ikikosea, draiva haiwezi kujua ni baiti gani imeharibika. Na haikurupuki: inasoma mara 3 kwanza, maana kuna mashine ambazo usomaji wa kwanza hukosea kwa sababu ya ASPM, mfumo wa kuokoa umeme. Mwaka 2008, kerneli 2.6.27 ikiwa bado kwenye majaribio, hitilafu ya ftrace (chombo cha kufuatilia kerneli) iliharibu NVM za kadi za e1000e. Tangu hapo sioni ubaya wa kugoma.

Waya_na_Swichi: Kugoma sawa, lakini e1000e inagoma vibaya. Kadi isipoonekana, ethtool (amri ya kusoma na kurekebisha kadi) haina pa kushika, kwa hiyo hata kuitengeneza huwezi. Tazama draiva ya zamani, e1000: inamwaga NVM yote kwenye dmesg, inaweka MAC ya sifuri tupu, na kadi haipitishi kitu mpaka uipe anwani mwenyewe. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Draiva ya e100 nayo ina eeprom_bad_csum_allow, chaguo la kuruhusu cheksamu mbovu.

FundiLuthuli, zima Secure Boot, la sivyo moduli (draiva inayopakiwa) isiyo na saini itakataliwa. Kwenye faili netdev.c ya e1000e badilisha ile `goto err_eeprom` iliyo chini ya ujumbe huo tu iwe `break` (ukiitoa tupu, kitanzi cha kusoma hakitaisha), kompaili, pakia. Kabla ya kugusa chochote kwenye NVM, weka nakala (enp0s25 ni jina la kadi):

`ethtool -e enp0s25 raw on > nvm.bin`

Linganisha MAC na ile iliyoandikwa kwenye stika ya mashine. Ikiwa sawa, soma baiti ya 0x10, kisha iandike upya na thamani yake ile ile. Kwa chipu ya 82579LM:

`ethtool -E enp0s25 magic 0x15028086 offset 0x10 value 0x..`

Draiva itakokotoa cheksamu yenyewe, kisha rudisha moduli ya kawaida. Usinakili NVM ya mashine nyingine! MAC mbili sawa kwenye swichi moja zitanyang'anyana pakiti, na mtandao utakatika-katika bila sababu ya kuonekana.

kerneli_254: Hilo la e1000 nakubali. Ila anayeandika draiva asivumilie kusubiri bila kikomo. Kifaa kilichokufa kwenye PCIe (njia inayounganisha kadi na mashine) hurudisha 0xffffffff, yaani biti zote ni 1, kwa hiyo kitanzi kinachongoja biti ishuke hakitaisha na mashine inaganda. Tumia readl_poll_timeout, inayosubiri kwa muda maalumu tu, na ukiona biti zote ni 1 rudisha -ENODEV (kosa la "kifaa hakipo").

FundiLuthuli: MAC ikitofautiana na stika je?

Waya_na_Swichi: Usiandike cheksamu kwanza, utakuwa unaidhinisha uharibifu. Rekebisha baiti 0 hadi 5 zifuate stika. Ukiona na baiti nyingine nyingi ni 0xff, achana nayo, chomeka kadi ya USB.