Barua yangu ya kuomba kupunguziwa riba imewekewa kikombe cha chai

Mama Vitenge:

Ndugu zangu, ninaandika huku mikono ikitetemeka, kwa sababu nimetoka katika ofisi ile saa moja iliyopita na hasira bado haijapata mahali pa kukaa. Sitawataja. Kila aliyewahi kukopa katika mji huu wa Morogoro anawajua: ni wale wenye bango la mama anayecheka huku ameshika noti. Siku nilipochukua mkopo nami nilicheka kama mama wa bangoni, na leo nimeshuka ngazi zao ninalia.

Nilikwenda na barua. Niliiandika usiku kwa mkono wangu, nikainakili mara tatu mpaka ikawa safi, nikaweka anwani zote mbili, tarehe na kichwa cha habari: YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA RIBA NA KUFUTIWA ADHABU YA KUCHELEWESHA MAREJESHO. Afisa mikopo, kijana ambaye kwa umri ni sawa na mwanangu wa pili na ambaye hakunipa hata shikamoo, aliipokea kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda usiotosha kusoma hata anwani, akailaza mezani, kisha akaweka juu yake kikombe chake cha chai. Ilikuwa chai ya maziwa, ya moto, imejaa mpaka ukingoni. Juu ya barua yangu.

Mkopo wenyewe ulikuwa shilingi 2,000,000 za kuongeza mtaji wa vitenge, kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Rejesho likawa shilingi 236,667, na nililipa miezi saba mfululizo bila kukosa hata siku moja. Hiyo ni shilingi 1,656,669, na stakabadhi zote ninazo kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Mwezi wa nane nikagongwa na pikipiki, mguu ukavunjika, na biashara ikafungwa kwa siku 60. Kwa kila siku katika hizo 60 waliandika adhabu ya shilingi 5,000, mpaka ikafika 300,000, halafu wakaongeza shilingi 80,000 waliyoiita gharama ya ufuatiliaji, yaani mtu alipanda bodaboda akaja kunitazama nikiwa nimelala na hogo mguuni. Mimi ninakaa Mji Mpya, dakika kumi kwa miguu kutoka ofisini kwao. Kwa fedha hiyo angenifuatilia mpaka Dodoma na kurudi, akanywa soda njiani.

Sikuomba nisamehewe deni. Niliomba adhabu isimame wakati ninaendelea kulipa, gharama ya ufuatiliaji ifutwe, na marejesho matano yaliyobaki, ambayo jumla yake ni shilingi 1,183,335, niyalipe kwa miezi kumi kwa shilingi 120,000 kila mwezi, ili nisiwe ninaamka asubuhi na kukuta deni limenenepa kuliko nilivyoliacha jioni. Niliambatisha cheti cha hospitali. Cheti nacho kililala chini ya kikombe.

Nilipomwambia, "Mwanangu, naomba uisome," alinijibu mbele ya foleni ya kujaza basi zima la Msamvu, "Mama, hapa si ustawi wa jamii." Akanyanyua kikombe, akanywa, akakirudisha palepale. Duara la chai likabaki juu ya neno YAH kama mhuri. Ninarudia ili mnielewe: alikinyanyua, na alikirudisha palepale.

Fundi Rangi:

Shikamoo mama, na pole sana kwa mguu na kwa barua. Ofisi hiyo ninaijua hata bila kuitaja. Siku ya kuchukua mkopo wanakuvutia kiti na kukuuliza habari za watoto, lakini siku ya kuomba nafuu hata feni wanaigeuzia upande mwingine.

Msemakweli wa Kihonda:

Mama, ninakuheshimu, lakini lazima mtu aseme. Mkataba ulisaini mwenyewe, na adhabu ya shilingi 5,000 iliandikwa humo kabla mguu haujavunjika. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, wala hawakusema kwamba matangani utapewa kiti cha mbele. Kila mkopaji akileta barua yenye YAH, ofisi itafungwa kufikia mwezi ujao na sisi wengine tutakosa pa kukopa. Halafu uzi mzima unalilia kikombe. Kijana alitaka akiweke wapi, kichwani?

Mama Vitenge:

Meza ilikuwa tupu. Ilikuwa meza ya futi sita isiyokuwa na kitu isipokuwa kalamu moja, nafasi ya kulaza mtoto na bibi yake, na katika eneo lote hilo kikombe kilichagua barua yangu. Ungekuwepo ungenyamaza.

Mkaguzi Mstaafu:

Mama Vitenge, tuachane na kikombe kwa dakika moja tutazame hesabu, kwa maana ndani ya hesabu hiyo una hoja kubwa kuliko huruma uliyoiomba. Riba yako imepigwa juu ya mkopo mzima kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho: asilimia 3.5 ya 2,000,000 ni shilingi 70,000, na unatozwa hiyohiyo kila mwezi ingawa deni la msingi linapungua kwa shilingi 166,667 katika kila rejesho. Baada ya marejesho saba deni lako la msingi lilibaki kama shilingi 833,333. Kutoza 70,000 juu ya kiasi hicho ni sawa na asilimia 8.4 kwa mwezi. Kama wangetumia riba inayopungua pamoja na salio, mwezi wa nane ungedaiwa riba ya shilingi 29,167 tu. Barua ya pili ianzie hapo.

Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, walio chini ya sheria ya mwaka 2018. Kwa maoni yangu, na nimekagua vitabu vya namna hii kwa miaka mingi, kikomo hicho ndicho kilichofanya ada na adhabu zinenepe, kwa kuwa riba imebanwa na faida ikatafuta mlango mwingine. Omba jedwali la marejesho na mchanganuo wa kila adhabu kwa maandishi. Barua usimpe afisa mkononi. Ipitishe masjala, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu, ukiwa na nakala hiyo unaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu.

Mama Vitenge:

Ahsante sana baba. Nitaiandika upya leo usiku. Nakala ya kwanza haifai tena, ina duara.

Bin Mvita:

Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya kipo kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu mwaka 2007, kinachosema kwamba mkopo wa benki ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba itakayodaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo. Nilikwenda nacho kwa meneja nikiwa nimekikariri kama dua. Riba akaikata, ninakiri, lakini sheria hiyohiyo inawaachia gharama halali za kukusanya deni, na hapo ndipo niliposhikwa: wakili, dalali, na magari ya dalali. Mama, wewe uliwekewa kikombe juu ya barua, mimi niliwekewa dalali mlangoni siku ya harusi ya binti yangu, wageni wakadhani ni upande wa bwana harusi.

Mama Vitenge:

Pole sana ndugu yangu, lakini dalali huja na karatasi na huisoma. Yangu haikusomwa.

Mwalimu wa Zamu:

Wenzangu mnalalamika huku kadi zenu za benki mnazo mfukoni. Kadi yangu na namba yake ya siri viko kwenye droo ya mkopeshaji wa kausha damu, ambaye tarehe ya mshahara huwahi kwenye mashine kabla mimi sijajua kwamba mshahara umeingia. Nilipoomba apunguze riba japo kwa mwezi wa ada za watoto, alinijibu kwamba tutazungumza akishatoa chake. Ameshatoa mara tisa, na bado hatujazungumza.

Mama Kuku:

Afadhali hao ni wageni. Mimi ninanyongwa na kikoba changu mwenyewe. Kideri kiliingia bandani, kikaua kuku 200 kwa wiki moja, nikawaomba wenzangu wasimamishe riba ya asilimia 10 mpaka nipate vifaranga vingine, na badala ya kunijibu wakaniandikia faini ya shilingi 2,000 kwa kuchelewa kikaoni siku hiyohiyo niliyokuwa ninazika kuku.

Mhazini:

Mama Kuku, nimekutambua, na wanachama 23 watakutambua pia. Faini hiyo imo katika katiba yetu, na siku ya kuipitisha ulinyoosha mkono wa kwanza. Ombi lako la kusimamishiwa riba halikujibiwa kwa sababu hukulileta kwa maandishi.

Mama Kuku:

Nililisema kikaoni mbele ya watu wote! Tena mhazini, kwa kuwa umejitokeza mwenyewe, tueleze faini hizo zinakwenda wapi, maana tangu Januari hazijasomwa hata mara moja.

Msemakweli wa Kihonda:

Hapo sasa. Mhazini, jibu.

Mama Vitenge:

Naomba tusisahau kilichotuleta hapa. Kikombe kilirudishwa palepale.

Mhazini:

Faini zote zimo sandukuni, na sanduku lina kufuli tatu ambazo sizifungui peke yangu.

Mama Kuku:

Ufunguo wa tatu uko kwa nani tangu dada yako ahamie Dar es Salaam?