Mjadala: Mwenye hisa akichota fedha za kampuni ya familia, je, atozwe kodi ya gawio?

Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 ilipanua maana ya gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, nchini Kenya. Tangu hapo, gawio si fedha zilizotangazwa na kampuni peke yake, bali pia mali iliyohamishiwa mwenye hisa au jamaa yake, deni lake lililolipwa na kampuni, na deni ambalo kampuni imemsamehe. Wanaoipinga husema: kampuni ni yangu, faida imekwisha kukatwa asilimia 30, kwa nini nitozwe tena ninapochukua kilicho changu?

Naiunga mkono sheria hiyo, ingawa ina pengo moja ambalo nitalitaja.

Tuanze na hesabu. Kampuni iliyopata faida ya shilingi 1,000,000 hulipa 300,000. Zikigawiwa 700,000 zilizobaki, mwenye hisa mkazi hukatwa asilimia 5, yaani 35,000, na suala lake la kodi juu ya gawio hilo huishia hapo. Huo si mzigo wa kumfanya mtu afiche gawio kwa jina la mkopo.

Ama dai la “kampuni ni yangu”, sheria imelijibu tangu kesi ya Salomon ya mwaka 1896 kule Uingereza: kampuni ni mtu mwingine. Mwenye hisa huushikilia utengano huo kwa mikono miwili wadai wanapobisha hodi, kwa hiyo hana haki ya kuukana mbele ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA).

Lakini linaloniuma zaidi ni la ndani ya familia. Baba akifariki na kuwaachia watoto wanne hisa sawa, mara nyingi mmoja ndiye anayeendesha biashara na kutia saini hundi. Gawio likitangazwa, kila mwenye hisa hupata fungu lake. Fedha zikichotwa kimyakimya kwa ajili ya gari au harusi, hupata yule mmoja tu, na dada zake huambiwa mwaka baada ya mwaka kwamba biashara haijasimama vizuri. Kuuita mchoto huo gawio ni kuuweka kwenye vitabu mahali ambapo wenzake wanaweza kuuona na kuuhoji.

Mkopo wa kweli ni jambo jingine. Mkurugenzi aliyekopa kwa mkataba, kwa riba, na anayelipa kwa ratiba hapaswi kuhesabiwa kuwa amegawiwa faida. Riba ikiwa ndogo kuliko ya soko, tayari ipo kodi inayoilenga tofauti hiyo, na mlipaji wake ni kampuni.

Pengo ni muda: ni lini salio la deni la mkurugenzi huacha kuwa mkopo? Uingereza huzipa kampuni za namna hii miezi 9 na siku 1 baada ya kipindi cha hesabu kufungwa. Baada ya hapo kampuni hutozwa kodi juu ya salio, nayo hurejeshwa mkopo unapolipwa. Naona Kenya ingeandika kikomo cha aina hiyo katika Sheria ya Kodi ya Mapato, ili mfanyabiashara mdogo asisubiri ukaguzi ndipo ajue amekosea wapi.

Kwa wanaopinga: fedha zilizotoka bila maandishi, bila riba na bila tarehe ya kurudishwa, mngetaka zihesabiwe kuwa nini?