Je, Abraham Lincoln ndiye aliyekomesha utumwa Marekani, au vita ndivyo vilivyomlazimisha?

Mwalimu wa Zamu:

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari, na wiki hii darasa langu limenibana kwa swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka. Nilikuwa nimewaeleza kwamba Rais Abraham Lincoln, aliyeiongoza Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1861 hadi alipouawa Aprili 1865, ndiye aliyewapa watumwa uhuru. Mwanafunzi mmoja akasimama na kutukumbusha barua ambayo Lincoln alimwandikia mhariri Horace Greeley mnamo Agosti 1862, akisema kwamba lengo lake kuu lilikuwa kuuokoa Muungano, yaani umoja wa majimbo ya Marekani, na kwamba lau angeweza kuuokoa bila kumwacha huru mtumwa hata mmoja, angefanya hivyo. Mwingine akaongeza kwamba Tangazo la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863 liliwahusu watumwa wa majimbo ya Kusini yaliyoasi na kujitenga tu, huku wale wa Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, ambayo yalibaki upande wa Lincoln, wakiachwa mikononi mwa mabwana zao. Hoja zote mbili ni za kweli, nami sikuwa na la kuwajibu. Je, nifute niliyowafundisha?

Msomaji wa Kale:

Mwalimu, usifute, ila ongeza. Barua ile kwa Greeley iliandikwa tarehe 22 Agosti 1862, na mwezi mmoja kamili kabla yake, yaani tarehe 22 Julai, Lincoln alikuwa amekwisha kuwasomea mawaziri wake rasimu ya Tangazo. Waziri wa Mambo ya Nje, William Seward, alimshauri asubiri ushindi vitani, ili ulimwengu usidhani kwamba ni kilio cha serikali iliyoshindwa. Kwa hiyo aliyeandika barua ile alikuwa amekwisha kuamua, na alikuwa akiwaandaa watu wa Kaskazini, ambao wengi wao hawakuwa tayari kupigania uhuru wa mtu mweusi, waikubali hatua hiyo kama njia ya kuiokoa nchi. Baada ya mapigano ya Antietam ya tarehe 17 Septemba, yaliyompa ushindi aliokuwa akiusubiri, akalitoa Tangazo la awali siku tano tu baadaye.

Kuhusu yale majimbo manne, jibu limo katika sheria. Katiba ya Marekani wakati huo haikumpa rais mamlaka ya kuondoa utumwa ndani ya jimbo lolote. Alichokuwa nacho ni mamlaka ya amiri jeshi mkuu dhidi ya adui, na mamlaka hayo hayangeweza kuligusa jimbo ambalo halikuasi. Pia aliogopa kuipoteza Kentucky, na ndiyo sababu hapo awali alizitengua amri za majenerali wake wawili, Frémont na Hunter, waliotangaza uhuru wa watumwa kwa uamuzi wao wenyewe.

Wanafunzi wako wasiende mbali hadi kusema kwamba Tangazo halikumwacha huru yeyote siku ile. Katika visiwa vya pwani ya South Carolina, vilivyotekwa na jeshi la Kaskazini tangu Novemba 1861, maelfu ya watu walipata uhuru wao siku iyo hiyo.

Binti Forodhani:

Nakubaliana na ndugu Msomaji kuhusu sheria, lakini naona kuna watu tunaowasahau kila tunapomjadili Lincoln, nao ni watumwa wenyewe. Mnamo Mei 1861, wakati rais alikuwa bado anasisitiza kwamba vita hivi havihusu utumwa, wanaume watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walitoroka usiku kwa mashua kutoka mahali walipokuwa wakijengeshwa ngome ya waasi huko Virginia, wakajisalimisha Fort Monroe, ngome iliyokuwa bado mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Mjumbe wa bwana wao alipokuja kuwadai kwa mujibu wa sheria ya watumwa watoro, Jenerali Benjamin Butler, ambaye alikuwa mwanasheria, alimjibu kwamba Virginia imejitangaza kuwa nchi ya kigeni, hivyo haiwezi tena kudai haki chini ya sheria za Marekani. Akawahesabu kuwa mali ya vita na kukataa kuwarudisha. Habari zikaenea, na baada ya muda mfupi mamia wakamiminika kwenye ngome hiyo, wanawake na watoto wakiwamo.

Hawa ndio waliolifanya suala la utumwa lisikwepeke. Bunge lilitunga sheria za kutaifisha mali za waasi mwaka 1861 na 1862 kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kufika kambini na ilibidi hadhi yao iamuliwe. Kisha, baada ya Tangazo kufungua mlango, wanaume weusi wapatao 180,000 wakajiunga na jeshi la Muungano, na wengi wao walikuwa wametoka utumwani. Lincoln mwenyewe alikiri katika barua ya Aprili 1864 kwamba hakuyaongoza matukio, bali matukio ndiyo yaliyomwongoza.

Kwetu sisi wa pwani jambo hili si geni kabisa. Kitambaa cha amerikani kilichovaliwa Unguja na bara kilifumwa Marekani kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini, na vita vilipoanza kitambaa hicho kiliadimika katika soko letu.

Mwalimu wa Zamu:

Nawashukuru nyote. Dada, sikuwa nimewahi kuyasikia majina ya wale watatu, na kesho nitayaandika ubaoni. Naomba nieleweshwe jambo moja zaidi: ikiwa Tangazo lilisimama juu ya mamlaka ya vita, lingekuwa na nguvu gani baada ya vita kwisha?

Msomaji wa Kale:

Hapo ndipo mimi ninapompa Lincoln heshima yake kubwa zaidi. Aliijua hatari hiyo, na katika majira ya joto ya mwaka 1864, maji yalipomfika shingoni, wanasiasa wa chama chake wakimsihi aache kudai mwisho wa utumwa kama sharti la amani, alikataa kuwarudisha utumwani askari waliokwisha kumwaga damu. Mwezi Agosti alimwita Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa na aliyemkosoa hadharani mara nyingi, akamwomba apange njia ya kuwafikishia habari watumwa wengi iwezekanavyo, wavuke kuja upande wa Kaskazini kabla hajashindwa katika uchaguzi. Mpango huo haukuhitajika, kwa kuwa jeshi lake liliuteka mji wa Atlanta wa Kusini mwezi Septemba naye akachaguliwa tena, lakini hakuna aliyemlazimisha kuuomba.

Baada ya kushinda hakungoja Bunge jipya. Aliwashawishi wabunge mmoja mmoja hadi tarehe 31 Januari 1865, Baraza la Wawakilishi lilipopitisha Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyokomesha utumwa nchini kote, kwa kura 119 dhidi ya 56. Lincoln aliuawa Aprili, na marekebisho yakakamilika kuidhinishwa na majimbo tarehe 6 Desemba 1865. Hadi siku hiyo, miezi saba na zaidi baada ya kifo chake, bado kulikuwa na watumwa kisheria katika Delaware na Kentucky. Kentucky, jimbo alikozaliwa Lincoln, liliyakataa marekebisho hayo Februari 1865, na halikuyaidhinisha hadi mwaka 1976.